Kutoka Mtungi wa Togwa hadi Jenomu: Mwongozo wa Mtafiti Asiye na Maabara

Mwaka 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal mjini Durban, Afrika Kusini, alichukua biringanya lililooza kutoka kwenye mboji na kulipeleka maabara. Alikuwa anashiriki mafunzo ya kutafuta faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria na kumwacha binadamu. Aliipata moja, akaiita Muddy. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ikasomwa, na sampuli ikahifadhiwa kwenye friza za Profesa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, pamoja na maelfu ya faji nyingine zilizokusanywa na wanafunzi. Mwaka 2018, madaktari wa London walikuwa na binti wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu, ambaye bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus alikuwa amemwenea mwilini na dawa zimeshindwa. Katika hazina ile zikachaguliwa faji tatu, Muddy ikiwamo. Binti akapata nafuu kubwa, na taarifa ya tiba hiyo ikachapishwa na jarida la Nature Medicine mwaka 2019.

Thamani ya biringanya lile haikutokana na mashine ya bei kubwa. Aliyelichukua aliandika amelitoa wapi na lini, akakitenga kiumbe kimoja mpaka kikawa safi, kisha kikahifadhiwa ili mtu mwingine aweze kukirudia miaka baadaye. Kazi hizo tatu zinawezekana kwa mwalimu wa sekondari, mwanafunzi au mkulima mwenye ari, kwa vifaa vinavyonunulika. Kusoma jenomu kwenyewe siku hizi ni huduma ya kulipia. Wengi huanza kwa kuulizia mashine, wakati kazi inayoamua kama matokeo yatafaa hufanyika wiki kadhaa kabla ya mashine kuguswa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: bakteria wanaochachusha togwa, kinywaji cha nafaka.

KWA NINI TOGWA

Maabara za vijiumbe hupangwa katika ngazi nne za usalama. Ya kwanza ni ya viumbe visivyomdhuru mtu mwenye afya. Ya nne ni ya wauaji kama virusi vya Ebola. Anayefanya kazi nyumbani au kwenye darasa la sayansi hubaki ngazi ya kwanza, siku zote, na hili halina mjadala. Bakteria wa asidi laktiki, wale wanaochachusha togwa, mtindi na maziwa ya mursik, wamo katika ngazi hiyo. Watu wamewanywa tangu enzi za mababu.

Togwa pia inastahili kuchunguzwa. Mwaka 2003, Jovin Mugula wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kinywaji hiki hakichachushwi na kiumbe kimoja. Walikuta kundi zima: Lactobacillus plantarum, Pediococcus pentosaceus, Weissella confusa, na hamira za aina kadhaa. Mwaka uliofuata, utafiti wa kule naoto, maziwa ya mgando ya Wamaasai wa Kenya, ulimkuta plantarum yuleyule akiongoza. Tangu mwaka 2020 jina lake rasmi ni Lactiplantibacillus plantarum. Msomaji amkumbuke, kwa sababu huko mbele ndiye anayewapotosha wengi.

Yaliyobaki kuulizwa ni mengi, na sharti swali liwe dogo. "Nataka kujua bakteria wote wa togwa" si swali la kuanzia. "Je, togwa ya nyumba tatu za mtaa mmoja, zote zikitumia kimea cha ulezi, inaongozwa na bakteria wa aina moja?" ni swali linalojibika. Vilevile: "Je, mtungi unaotumika mwaka hadi mwaka huwabakiza bakteria walewale hata ukibadilisha unga?"

KISANDUKU: VISIVYOOTESHWA KAMWE

• Usaha, makohozi, kinyesi, mkojo au damu, ya mtu au ya mnyama.
• Majimaji ya koo au pua, hata ya mtafiti mwenyewe.
• Maji ya choo, ya machinjio au ya mtaro wa hospitali.
• Mizoga, popo, ndege, na wadudu wanaonyonya damu.
• Chakula kilichovunda au kilichoota ukungu.

Sababu ni kwamba sahani ya agari humgeuza bakteria mmoja kuwa mamilioni kwa usiku mmoja. Kiasi ambacho mwili ungekishinda bila mtu kujua huwa kiasi cha kumlaza kitandani. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke antibiotiki kwenye agari: utakuwa unawachagua na kuwalea wale sugu. Wala usijaribu kuhariri jenomu. Kuisoma na kuibadilisha ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili katika nchi nyingi inadai kibali na maabara iliyosajiliwa.

VIFAA, NA MTEGO ULIO NDANI YA KILA KIMOJA

Meza ya kazi isiwe ya jikoni, na sufuria ya kazi isirudi kupikia ugali. Baada ya hapo, mahitaji makubwa ni haya.

Sufuria ya presha. Maji yanayochemka wazi hayawaui bakteria waliojifunga katika hali ya mbegu. Ndani ya sufuria ya presha mvuke hufika takriban nyuzi 121, na kwa dakika 20 huua hata hao. Hesabu dakika tangu presha ijae, wala si tangu moto uwashwe.

Spiriti ya asilimia 70. Wengi hudhani ya asilimia 95 ina nguvu zaidi. Si hivyo: maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kupenya na kuharibu protini za kijidudu. Futa meza, subiri ikauke kabisa, ndipo uwashe taa. Spiriti mbichi na moto ndio ajali inayoongoza katika kazi hii.

Agari. Mwaka 1881, Fanny Hesse alimshauri mumewe Walther, aliyefanya kazi na Robert Koch nchini Ujerumani, aache jelatini na kutumia agari, aliyoijua kutokana na mapishi ya jamu. Ushauri wake bado unasimama. Jelatini huyeyuka kwenye joto na bakteria wengine huila. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Hutoka kwenye mwani, lakini mwani unaolimwa kwa wingi Zanzibar hutoa karajinani, kitu kingine kabisa, kwa hiyo kuuchemsha nyumbani hakutampatia mtu agari. Nunua unga wake kwa wauza vifaa vya maabara.

Chakula cha bakteria. Kwa bakteria wa asidi laktiki hutumika mchanganyiko uitwao MRS, kwa herufi za de Man, Rogosa na Sharpe waliouchapisha mwaka 1960. Kipimo kimeandikwa kwenye kopo. Ongeza kalisiamu kaboneti gramu 5 kwa lita: bakteria anayetoa asidi huiyeyusha na kuzungukwa na duara angavu, hivyo anajionyesha mwenyewe. Hapa ndipo walimu hukwama, maana chaki nyingi za shuleni ni jasi. Dondoshea siki kidogo. Ikitoa mapovu ni kaboneti, isipotoa iache. Maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kusagwa laini yanafaa pia.

Vingine vinaeleweka: sahani za Petri, mirija yenye vifuniko, sirinji za mililita 1, kitanzi cha waya, taa ya spiriti, selotepu, karatasi za kupimia pH, maka peni isiyofutika na daftari lenye kurasa zilizopewa namba.

KUPATA BAKTERIA SAFI

1. Omba ruhusa ya aliyetengeneza togwa. Mweleze unachotafuta na kwamba matokeo huenda yakawekwa hadharani. Andika tarehe, kijiji au mtaa, nafaka, kimea, chombo na saa tangu ichachushwe.

2. Chota mililita 50 kwenye chupa iliyopita sufuria ya presha. Iweke kwenye barafu na uifanyie kazi siku hiyohiyo.

3. Pima pH. Togwa iliyoiva huwa chini ya 4. Ikizidi 4.5 usioteshe: asidi yake haijatosha kuzuia vijidudu vya maradhi, na hujui kinachokua humo.

4. Zimua. Andaa mirija sita yenye mililita 9 za maji ya chumvi (gramu 8.5 kwa lita), iliyopita sufuria ya presha. Tia mililita 1 ya togwa katika mrija wa kwanza, tikisa, chukua mililita 1 uitie wa pili, na kuendelea, kila mara kwa sirinji mpya. Mrija wa sita una sehemu moja katika milioni.

5. Tandaza mililita 0.1 kutoka mrija wa nne, wa tano na wa sita, kila mmoja kwenye sahani yake. Tandaza pia maji ya chumvi matupu kwenye sahani ya nne. Sahani hiyo tupu ni shahidi wako: kikiota chochote juu yake, kazi ya siku hiyo haiaminiki na inarudiwa.

6. Andika lebo chini ya sahani, wala si kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Funga kwa selotepu na ugeuze sahani juu chini ili matone ya unyevu yasidondokee agari.

7. Panga sahani ndani ya mkebe mkubwa, washa mshumaa mfupi ndani yake, funika. Mshumaa utazima wenyewe hewa ya oksijeni ikipungua, na bakteria hawa wanapenda hivyo. Acha siku mbili kwenye nyuzi 30 hivi. Dar es Salaam na Mombasa chumba chenyewe kinatosha. Nairobi au Mbeya itahitajika boksi lenye chupa za maji ya moto yanayobadilishwa.

8. Hesabu sahani yenye makoloni, yaani vidoa vya bakteria, kati ya 30 na 300. Tuseme sahani ya mrija wa sita ina makoloni 84: zidisha kwa 10, kwa kuwa ulitandaza sehemu ya kumi ya mililita, kisha kwa milioni. Togwa hiyo ina takriban bakteria milioni 840 kwa mililita.

9. Chagua koloni lililojitenga, lenye duara angavu. Liguse kwa kitanzi kilichochomwa hadi kikawa chekundu na kupoa, kisha chora mistari kwenye sahani mpya: eneo la kwanza, choma kitanzi, eneo la pili, choma, la tatu. Kila eneo bakteria wanapungua mpaka wanabaki mmojammoja.

10. Rudia hatua ya 9 mara tatu.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayogharimu zaidi. Koloni linaloonekana moja kwa macho laweza kuwa la bakteria wawili waliotua jirani, mmoja mkubwa na mwingine amejificha chini yake. Mtu akilituma hivyo, mashine itasoma DNA mbili kwa pamoja. Matokeo yanarudi yamevurugika, fedha imeondoka, na mara nyingi lawama hubebeshwa mashine. Siku sita za kuchora sahani upya ni nafuu kuliko malipo ya pili.

Kabla ya kulipia chochote, vipimo viwili vya senti chache humpunguzia mtafiti makosa.

Cha kwanza ni katalesi. Weka tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ya duka la dawa, kwenye kioo, kisha ugusishe bakteria kwa kijiti cha mbao. Bakteria wa asidi laktiki kwa kawaida hawatoi mapovu. Yakitoka mapovu mengi, huyo si unayemtafuta. Sahani iende kuteketezwa.

Cha pili ni kuwatazama. GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda inayouzwa kila duka la dawa, ni rangi ya jamii ileile aliyoitumia Hans Christian Gram mjini Berlin mwaka 1884. Paka bakteria wachache kwenye kioo, waache wakauke, pitisha kioo juu ya moto mara tatu, weka GV kwa dakika moja, suuza polepole. Hadubini ya shule yenye lenzi ya mafuta, inayokuza mara 1,000, itaonyesha vijiti vya plantarum au viduara vya Pediococcus vilivyokaa wannewanne. Hamira huonekana kubwa mara kadhaa kuliko wote hao, nazo hutoa mapovu ya katalesi. Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza takriban mara 140. Inafaa sana kwa hamira na viumbe vya bwawani. Kwa umbo la bakteria haitoshi.

Hifadhi kila bakteria safi katika mirija miwili: mchuzi wa MRS uliokua usiku mmoja, ukichanganywa na gliserini iliyopita sufuria ya presha ili iwe asilimia 20 ya mchanganyiko. Friza ya kawaida huwatunza kwa miezi. Kwa muda mrefu zaidi, omba nafasi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ya chuo kilicho jirani. Mrija mmoja usiguswe kabisa.

KISANDUKU: KUTUPA TAKA

Sahani zilizotumika hazitupwi jalalani zikiwa hai. Zipitishe sufuria ya presha dakika 45, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko unaostahimili joto. Usipoweza, zilaze usiku kucha katika dawa ya klorini: sehemu 1 ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Usifanye yote mawili kwa pamoja, wala usichanganye klorini na siki, spiriti au amonia, kwa sababu hutoa gesi na kemikali za sumu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuondoka mezani. Chakula na kinywaji visiingie chumba hicho. Na togwa iliyofunguliwa kwa ajili ya kazi hainywewi tena.

KUTOKA KOLONI HADI HERUFI

DNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Mtafiti ana njia mbili. Anaweza kusoma jeni moja tu ili kumtambua bakteria, au kusoma jenomu nzima.

Jeni inayotumika kutambulisha inaitwa 16S. Kila bakteria anayo, ina herufi takriban 1,500, na hubadilika polepole. Carl Woese na George Fox waliitumia mwaka 1977 kuonyesha kwamba kuna tawi zima la uhai, arkea, lililokuwa limehesabiwa kimakosa kuwa bakteria. Maabara huinakili jeni hiyo kwa PCR, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) ziitwazo 27F na 1492R, kisha huisoma kwa njia ya Sanger. Usomaji mmoja hutoa herufi 800 hivi zinazoaminika, kwa hiyo agiza usomaji kutoka pande zote mbili.

Nani afanye PCR? Asiye na mashine aombe ushirikiano na idara ya baiolojia ya chuo au atume kwa maabara ya huduma. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina maabara kubwa ya jenomu Nairobi, na inqaba biotec ya Pretoria imekuwa ikihudumia watafiti wa Afrika kwa miaka mingi. Uliza bei kwa maandishi, ukitaja kama unataka wakutolee DNA au utaipeleka tayari. Hilo la pili si jepesi: bakteria hawa wana ukuta mnene, na ile njia ya sabuni na chumvi inayotumika darasani kwa ndizi au nyanya haiwafungui. Wanahitaji kimeng'enya cha lisozimu. Anayeanza afadhali alipie utoaji wa DNA.

Hapa inabidi kusimama kidogo kwenye suala la uchafu. Kwa miaka kadhaa, polisi wa Ujerumani walimsaka mwanamke ambaye DNA yake ilikuwa imepatikana kwenye matukio takriban 40 ya uhalifu, mauaji ya askari mjini Heilbronn yakiwamo, na mengine hadi Austria na Ufaransa. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba mwanamke huyo hakuwa mhalifu. Alikuwa mfanyakazi aliyeshika vijiti vya pamba vilivyotumiwa na polisi kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu. DNA ilikuwa imebaki. Kwa mtafiti wa togwa maana yake ni hii: presha na spiriti huua kiumbe, lakini herufi zake zaweza kubaki na mashine ikazisoma. Kwa hiyo katika kila kundi la sampuli tuma na mrija mmoja wa maji matupu, uliopitia mikono na vifaa vilevile. Ukirudi na jina la bakteria, majina yote ya kundi hilo yatiliwe shaka.

Njia ya pili, jenomu nzima, imesogea karibu kwa kasi ya ajabu. Jenomu ya kwanza ya bakteria, ya Haemophilus influenzae, ilikamilika mwaka 1995 ikiwa na herufi 1,830,137, na ilihitaji taasisi nzima. Leo kuna MinION ya kampuni ya Oxford Nanopore, kifaa kisichofika gramu 100 kinachochomekwa kwenye kompyuta. Uzi wa DNA hupita kwenye tundu la protini, umeme unaopita hapo hubadilika, na mabadiliko hayo hutafsiriwa kuwa herufi. Mwaka 2015 kilitumika nchini Guinea kusoma virusi vya Ebola kutoka sampuli 142. Baadaye watafiti wa virusi vya muhogo, miongoni mwao Joseph Ndunguru wa Tanzania na Titus Alicai wa Uganda, walikipeleka mashambani Afrika Mashariki na kuwapa wakulima majibu chini ya mti siku hiyohiyo. Hao walikuwa na jopo, umeme wa betri na vitendanishi vilivyotunzwa kwenye baridi bila kukatika. Mtu mmoja mmoja hana sababu ya kununua kifaa hicho kwa bakteria watatu.

Afanye hesabu badala yake. Jenomu ya plantarum ina herufi takriban milioni 3.3. Ili makosa ya mashine yafutane, kila sehemu isomwe mara 50 hivi, yaani herufi milioni 165. Seli moja ya kusomea, kile kipande cha MinION kinachopokea DNA, hutoa mabilioni ya herufi, kwa hiyo bakteria dazeni nzima hugawana seli moja, kila mmoja akiwa na alama yake. Vikundi vya shule tatu au nne vikichanga, gharama ya kila jenomu hushuka sana.

KUSOMA MATOKEO BILA KUJIDANGANYA

Faili la Sanger huja na mchoro wa vilima vya rangi nne. Ufungue kabla ya kusoma herufi. Vilima vikiwa virefu na vimeachana, ni vizuri. Vikipandana tangu mwanzo hadi mwisho, koloni halikuwa safi. Rudi hatua ya 10. Kata herufi za mwanzo na za mwisho, ambazo huwa mbovu karibu kila mara, unganisha pande mbili, kisha ulinganishe na hazina ya dunia kwa programu ya BLAST, inayotolewa bure na kituo cha NCBI cha Marekani.

BLAST hurudisha orodha, na wengi huchukua jina la juu wakalitangaza. Hilo ni kosa. Hazina hiyo ina rekodi zilizopewa majina yasiyo sahihi na waliozipakia, hivyo chuja matokeo yabaki yale ya bakteria wa mfano, wale waliotumika kumpa spishi jina lake. Mfanano ukiwa chini ya asilimia 98.7, huenda una spishi nyingine. Ukiwa juu yake, bado haijathibitika kwamba ni ileile.

Plantarum ndiye ushahidi. Yeye, pentosus na paraplantarum wanafanana kwenye 16S kwa zaidi ya asilimia 99, kiasi kwamba jeni hiyo haiwatenganishi. Anayeandika "nimempata plantarum kwenye togwa ya bibi" kwa kutegemea 16S pekee ameandika asichokijua. Sentensi ya haki ni "bakteria wa kundi la plantarum". Kumtaja kwa jina kunahitaji jeni nyingine, kwa mfano recA, au jenomu nzima, ambapo mfanano wa wastani wa asilimia 95 na kuendelea ndio mpaka wa spishi unaokubalika.

Kwa jenomu nzima, jukwaa la Galaxy huendesha programu bure kupitia intaneti, hata kwa mwenye kompyuta dhaifu. Flye huunganisha vipande, CheckM hukagua ukamilifu na uchafu, Bakta hutaja jeni zilizomo. Kwa CheckM, tafuta ukamilifu wa zaidi ya asilimia 95 na uchafu chini ya 5. Katika matokeo ya Bakta, angalia jeni za usugu wa dawa kabla ya kumsifia bakteria wako kuwa anafaa kuuzwa kwenye mtindi.

VIBALI NA HAKI ZA WENYE TOGWA

Mwaka 2004, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai mgawo wa faida kutoka kampuni ya Genencor kwa vimeng'enya vilivyotokana na vijiumbe vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vimeng'enya vilivyotumika kufifisha rangi ya jinzi. Madai ya aina hiyo ndiyo yaliyoifanya dunia ikubaliane juu ya Itifaki ya Nagoya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014: rasilimali za jenetiki zina mwenyewe, naye aulizwe kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuchukua sampuli, Mtanzania aulize COSTECH na Mganda aulize UNCST, taasisi za sayansi na teknolojia za nchi zao. Kenya, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, na kanuni za mwaka 2006 zinataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa rasilimali za jenetiki. Mwanafunzi apitie kwa mwalimu au chuo, ambacho mara nyingi kinajua njia. Kutuma bakteria hai nje ya nchi bila hati ni kosa hata kama anatoka kwenye uji. Anayetaka kusoma DNA ya togwa nzima bila kuotesha akumbuke kwamba atapata pia DNA ya mahindi na mabaki ya DNA ya walioitengeneza. Za watu zifutwe kabla faili halijatoka mikononi mwake.

ORODHA YA UKAGUZI KABLA YA KUTUMA SAMPULI

☐ Ruhusa ya mwenye togwa imeandikwa na vibali vimepatikana.
☐ Koloni limechorwa upya mara tatu. Makoloni yote kwenye sahani ya mwisho yanafanana.
☐ Katalesi haina mapovu. Picha ya hadubini imetunzwa.
☐ Mirija miwili ya hifadhi imo kwenye friza, na namba zake zinalingana na daftari.
☐ Mrija wa maji matupu umejumuishwa.
☐ Bei, muda na aina ya faili vimekubaliwa kwa maandishi.
☐ Nakala ya daftari imepigwa picha na kutunzwa mahali pengine.

Matokeo yakikamilika, yapakie GenBank au ENA, hazina zinazobadilishana data kila siku, na ujaze kila kisanduku cha maelezo: tarehe, mahali, nafaka, chombo, joto. Rekodi isiyo na maelezo hayo haimsaidii yeyote. Kisha rudi kwa mama aliyekupa togwa ukiwa na karatasi moja ya Kiswahili inayosema ni nani alikutwa ndani ya mtungi wake, na umuulize ni nini yeye angependa kichunguzwe safari ijayo.